Vumbi la Paris, Herufi za Kinondoni

Kinondoni gari huuzwa kwa herufi. Dalali haanzi na injini wala rangi, anaanza na namba: "Namba E hiyo, kaka, hata mwaka haijamaliza." Herufi ya kwanza baada ya zile tarakimu tatu ndiyo inayosema gari limesajiliwa nchini lini, na bei hufuata hapo. Toyota IST mbili zilizotoka kiwanda kimoja huko Japani, mwaka mmoja na rangi moja, zinaweza kusimama bega kwa bega kwenye yadi ya Barabara ya Kawawa, moja namba C, nyingine namba E, na mteja akaongeza mamilioni ili achukue ile E. Chuma kina umri uleule. Kinachotofautisha ni miaka ambayo gari limekaa mikononi mwetu. Soko la Dar es Salaam lina imani yake isiyoandikwa popote, kwamba kila Mtanzania aliyeshika usukani amelipunguzia gari kitu.

Historia dalali anaiuza, ila iwe fupi na safi. Gari zuri la Kinondoni lilikuwa la mmama wa benki, nyumbani kazini, kazini nyumbani, Jumapili kanisani. Bora zaidi likiwa limetoka ubalozini, maana manispaa hii hii ndiyo yenye Oysterbay na Masaki, na wageni wakimaliza muda wao magari huuzwa kwa zabuni. Ukisikia "hii ilikuwa ya ubalozi", ujue bei imeshapanda hata kabla boneti haijafunguliwa. Mmiliki mmoja, anayejulikana, aliyetunza: hapo dalali wetu na madalali wa minada mikubwa ya Ulaya na Marekani wanasikilizana vizuri kabisa. Wanaachana kwenye kutu.

Tarehe 6 Februari 2015, katika maonyesho ya Rétromobile mjini Paris, kampuni ya minada ya Artcurial ilipanga ukumbini magari 59 ambayo yadi yoyote ya hapa ingeyakataa hata kwa mali kauli. Mengi yalikuwa yameliwa na kutu mpaka sakafuni. Viti vimeoza, vioo vimepasuka, matairi yamekufa siku nyingi. Mwenyewe alikuwa Roger Baillon, mfanyabiashara wa usafirishaji wa magharibi mwa Ufaransa, mtu wa malori, aliyeanza kuyakusanya miaka ya 1950 akitaka siku moja afungue makumbusho. Miaka ya 1970 biashara ikamwendea kombo. Baadhi ya magari yakauzwa kwa ajili ya madeni, yaliyobaki yakaachwa chini ya vibanda vya mabati na katikati ya miti, majani yakapanda juu ya boneti. Alipokufa yeye, na baadaye mwanawe, wajukuu wakawaita watu wa mnada waje kuangalia.

Ndani ya banda mojawapo, chini ya marundo ya magazeti ya zamani, kulikuwa na Ferrari 250 GT California Spider ya mwaka 1961 iliyowahi kumilikiwa na mwigizaji Alain Delon. Kuna picha za miaka ya 1960 zinazomwonyesha ndani yake na Jane Fonda. Pembeni yake ilikaa Maserati A6G 2000 iliyojengwa bodi na Pietro Frua wa Torino, na buti lake lilikuwa limebonyea kwa sababu kuna mtu aliligeuza kuwa meza ya kuwekea mizigo. Ferrari ile ilinunuliwa kwa euro milioni 16.3, yaani zaidi ya shilingi bilioni 30 kwa thamani ya wakati ule. Maserati ilifika karibu milioni 2, pamoja na buti lake bovu.

Watu wa mnada hawakuyaosha. Hilo ndilo lililonishika kuliko bei. Hapa kwetu hata gari linalokwenda kukatwakatwa hupitishwa kwanza kwa vijana wa kuosha magari, likapigwa povu na mafuta ya dashibodi. Paris waliyabeba magari yale na vumbi lake, wakayapanga chini ya taa za ukumbi kama yalivyokutwa, na watu wakapita wameshika mikono nyuma wasije wakafuta kitu. Vumbi lilikuwa ushahidi. Lilimwambia mnunuzi kwamba kwa takriban miaka 40 hakuna fundi aliyetia mkono pale, kwa hiyo rangi aliyoiona ndiyo rangi, ngozi ya viti ndiyo ngozi, na bisibisi ya mwisho kugusa zile skrubu huenda ilikuwa ya Mwitaliano.

Mnunuzi wa Kinondoni naye hutafuta ushahidi uleule. Haendi yadi peke yake, anakwenda na fundi wake. Fundi hasemi sana. Anazunguka gari akigonga bati kwa kifundo cha kidole, tako la mlango, bawa la nyuma, pembe ya boneti, na sikio lake limeinama. Bati tupu hulia. Bati lenye puti hunyamaza. Akifika mahali pamenyamaza anatazama juu, anamwangalia mteja, na dalali anaanza kueleza habari ndefu kuhusu mkwaruzo mdogo wa getini. Wengine huja na kijisumaku. Watathmini wa Ulaya wana kifaa kidogo cha kupima unene wa rangi, lakini swali ni hilohilo: nani alikugusa, na alificha nini? Hata karatasi ya mnada wa Japani inayokuja na gari, yenye alama za 4 na 3.5 na ile R ya ajali inayowanyima watu usingizi, kazi yake ni kujibu swali hilo kabla meli haijatia nanga.

Lakini ukichimba asili ya haya magari ya Kiitaliano yasiyotakiwa kuguswa, unakuta yalizaliwa kwa kuguswa sana. Gran turismo, kama Waitaliano wanavyoliita, ni gari la watu wawili au wanne waliojibana, injini kubwa mbele, nafasi ya masanduku nyuma, lililokusudiwa kumtoa tajiri Milano asubuhi akale chakula cha usiku Paris bila mgongo kumuuma. Viwanda kama Ferrari na Maserati vilitengeneza chesisi na injini. Bodi ilikwenda kwa mafundi wengine kabisa: Touring wa Milano, Pininfarina, Frua, Ghia na Allemano wa Torino, Scaglietti wa Modena. Touring walikuwa na utaratibu wao wa tangu miaka ya 1930, walioupa jina Superleggera. Walichomelea mirija myembamba ya chuma mpaka ikatoa umbo la gari, wakaivisha alumini juu kama nguo. Alumini ile haikutoka kwenye mashine ikiwa tayari imepinda. Kulikuwa na kielelezo cha mbao, nyundo, mfuko wa mchanga wa kulazia bati, na mtu mwenye jicho. Ndiyo maana ukipima bawa la kulia na la kushoto la baadhi ya magari hayo hukuti vipimo vinavyolingana. Yamkini hata fundi wa upande huu hakuwa yule wa upande ule.

Sasa nenda kwenye gereji yoyote ya bodi kati ya Mkwajuni na Mwananyamala. Hakuna ukuta, kuna mwembe na turubai. Mlango wa Toyota Noah umelazwa juu ya matairi mawili, bodaboda imeugonga, na bonde lake linatosha kushika maji ya kunawa. Fundi ameshatoa kitambaa cha ndani na mashine ya kioo. Mkono wa kushoto unaingia ndani ya mlango na kipande kizito cha chuma, pengine kimekatwa kwenye reli au eksili ya lori, na wa kulia unapiga kutoka nje kwa nyundo fupi, pigo jepesi lisilokoma. Hatazami nyundo. Anasikiliza, na kila baada ya muda anaweka kila kitu chini na kupitisha kiganja juu ya bati, vidole vimenyooka, macho kando. Kiganja ndicho kinachojua. Pale penye kiuvimbe anapasha gesi kidogo, anapooza kwa tambara la maji, bati linajikaza lenyewe. Baada ya hapo puti, msasa mkavu, msasa wa maji, praima, msasa tena. Kijana wa kompresa anachanganya rangi kwa macho, anaipaka kwenye kipande cha bati, anakipeleka juani na kukilinganisha na mfuniko wa tangi la mafuta. Kama mteja ana hela, gari litakwenda kupigwa rangi ya oveni. Kama hana, watamwagia maji chini vumbi litulie na kuomba upepo wa bahari usiamke.

Mtu huyu, ungempeleka kwenye karakana ya Frua mwaka 1957, angeshangazwa na baridi tu. Kazi angeizoea kabla ya chakula cha mchana. Pale ambapo asingeelewa kitu ni kwenye ukumbi wa mnada miaka 60 baadaye, atakapoambiwa kwamba mkono wake, mkono uleule, ukigusa bodi ile leo unaishusha thamani. Kazi yake Kinondoni ni kuhakikisha kesho Noah inabeba watoto wa shule. Injini ikifa hapa inatolewa, inafungwa nyingine iliyotoka kwenye kontena la spea, na mwenye gari anajisifu kwamba amepata injini safi. Land Rover ngapi za mkoani zinatembea kwa moyo wa Toyota? Kwenye mnada wa Ferrari, injini yenye namba isiyolingana na ile iliyoandikwa kiwandani inaweza kula sehemu kubwa ya bei hata kama inavuma vizuri kuliko ya kwanza.

Kuna gari moja la aina hii ambalo jina la mwenyewe linafahamika sana Dar es Salaam, ingawa watu hawalihusishi na magari. Mwaka 1957 timu ya Maserati ilikwenda Caracas, Venezuela, kwenye mbio za mwisho za msimu, na magari yake yote yakaharibika kwa ajali na moto. Kampuni haikuwa na fedha za kuanza upya, ikajitoa kwenye mashindano. Ikabaki na injini za V8 za gari la mbio la 450S, zimekaa tu karakanani. Wakati huo Shah wa Iran, aliyelipenda gari lao la 3500 GT, akataka kitu kikubwa zaidi ambacho hatakutana nacho barabarani. Mhandisi Giulio Alfieri akachukua injini ya mbio, akaituliza kidogo, akaiweka kwenye chesisi ya 3500 GT iliyoimarishwa, na Touring wakaivisha bodi. Lita tano kasoro, mwendo wa kukaribia kilomita 270 kwa saa, mwaka 1959. Ndiyo Maserati 5000 GT. Yalijengwa 34 tu kwa agizo la mtu mmoja mmoja, na orodha ya walioagiza inasomeka kama ya wageni wa harusi ya kifalme: Gianni Agnelli wa Fiat, Rais Adolfo López Mateos wa Mexico, mwigizaji Stewart Granger. La pili kabisa lilikuja Afrika, kwa Basil Read, mkandarasi wa Afrika Kusini. Na moja, la mwaka 1962, bodi ya Frua, lilikuwa la Karim Aga Khan.

Huyo ndiye aliyesimikwa rasmi kuwa Imam wa 49 wa Waismailia hapa hapa Dar es Salaam, tarehe 19 Oktoba 1957, kijana wa miaka 20 aliyekuwa bado mwanafunzi wa Harvard, kabla sherehe hazijahamia Nairobi na Kampala. Babu yake alipimwa kwa almasi katika mji huu mwaka 1946. Watoto wetu wanazaliwa katika hospitali yenye jina la familia hiyo, kando ya bahari. Karim Aga Khan alifariki Lisbon tarehe 4 Februari 2025, na tanzia zilizoandikwa huku zilizungumzia hospitali, shule na magazeti, kama ilivyostahili. Maserati haikutajwa. Mimi naona ingefaa itajwe, hata kwa mstari mmoja, kwa sababu ina kivuli nyuma yake. Baba yake, Aly Khan, alifariki katika ajali ya gari Suresnes, nje kidogo ya Paris, Mei 1960, akiendesha Lancia. Gari la Kiitaliano, la mwendo, la fahari. Miaka miwili baadaye mwanawe akachukua lenye injini kubwa maradufu. Wanasaikolojia wanaweza kulifanyia kazi hilo. Mtu wa mnada anachoona ni jina kwenye hati ya kwanza ya umiliki, na jina hilo lina bei.

Waitaliano waliotufikia sisi wengine walikuwa wa kazi. Rhodesia ilipojitangazia uhuru wa walowezi Novemba 1965, shaba ya Zambia ilikosa njia ya kusini, na mwaka 1966 ikaundwa kampuni ya Zambia-Tanzania Road Services, serikali mbili zikiwa na hisa pamoja na Intersomer ya Italia. Malori yake ya Fiat yalishusha shaba Dar es Salaam na kupandisha mafuta kupitia barabara ya vumbi na matope ambayo Wazungu waliipachika jina la njia ya jehanamu. Wazee wa Temeke waliokuwa vijana wa bandari wanayakumbuka kwa mlio. Zikaja Vespa, ambazo Unguja zilipata uraia kamili. Na kwa wapenda mwendo kulikuwa na Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953 ikizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Ya mwaka 1972 ilianzia Dar es Salaam, Hannu Mikkola akashinda na Ford Escort. Lancia walihangaika na mbio hizi kwa miaka mingi. Mwaka 1975 walileta Stratos, gari fupi kama kabari lenye injini ya Ferrari, lakini Peugeot 504 ya Ove Andersson ikatangulia na Sandro Munari akaishia wa pili. Ilibidi wangoje mpaka 1988, Miki Biasion na Delta, ndipo wapande kilele. Kijijini ambako hakuna aliyekuwa na habari na Torino, watu walijifunza kutamka Munari.

Baada ya Azimio la Arusha gari la fahari lilikuwa jambo la kulieleza kwa jirani, na miaka ya uhaba wa mafuta ilifika mahali serikali ikazuia magari binafsi kutembea Jumapili mchana. Mwaka 1984 bajeti ya Waziri Cleopa Msuya iliruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni bila kuulizwa zilitoka wapi, na mlango ukafunguka kidogo. Kilichopita katika mlango huo kwa miaka iliyofuata kilikuwa Toyota. Karibu kila gari dogo unaloliona kwenye foleni ya makutano ya Morocco leo limepitia mnada huko Japani. Mkubwa kuliko yote, USS Tokyo, hufanyika kila Alhamisi mjini Noda, magari maelfu kwa siku moja, kila moja likipewa sekunde chache kwenye skrini huku wanunuzi wakibonyeza kitufe. Wanaobonyeza hujua kabisa kwamba linalokataliwa na Mjapani kwa sababu ya umri lina mtu wake Kinondoni. Kwa hiyo usidhani mnada ni mambo ya matajiri wa Ulaya na Marekani. Mwalimu wa shule ya msingi mwenye Passo naye ni mtu wa mnada, ila yeye hakuuona.

Sasa tuseme yupo mtu Mikocheni, biashara imemkubali, anataka gran turismo yake mwenyewe ya miaka ya 1960, na ameshinda mnada Ulaya. Gari, meli na bima mpaka bandarini Dar es Salaam, dola 500,000. Kwa viwango vya kodi tulivyozoea miaka ya karibuni, ushuru wa forodha ni asilimia 25, ambazo ni dola 125,000. Juu ya jumla hiyo kuna ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 kwa injini inayozidi cc 2000, dola 62,500. Kisha ushuru wa uchakavu, asilimia 30 kwa gari lililopita miaka kumi, dola 187,500. Halafu VAT ya asilimia 18 juu ya yote, dola 157,500. Jumla ya kodi dola 532,500, na bado tozo ndogondogo. Kodi imelipita gari. Na iliyouma kuliko zote ni ile ya uzee, yaani sifa yenyewe iliyomfanya alinunue.

Siilaumu sheria. Ilitungwa kuzuia mikweche inayotoa moshi mweusi isimalizie maisha yake Manzese, na kwa kazi hiyo ina maana. Jirani zetu wamekuwa wakali zaidi: Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, na Uganda tangu 2018 imefunga kwa miaka 15. Ila Uingereza gari la kihistoria lililotoka nje huingia bila ushuru wa forodha na kwa VAT ya asilimia 5, kwa hoja kwamba limeshavuka kuwa chombo cha usafiri na kuwa kitu cha kutunzwa. Katika hesabu yetu ya hapo juu hakuna mahali pa wazo hilo. Ferrari ya 1961 na Corolla ya 2001 ni wazee wawili, wote watozwe.

Ndiyo maana magari ya zamani yaliyobaki Dar es Salaam ni yale ambayo hayakuhitaji kuingia upya: Volkswagen kobe, Peugeot 504, Land Rover, Mercedes za wazee waliostaafu. Yanaishi kwa harusi. Jumamosi mchana utaliona moja limefungwa riboni nyeupe, limeng'arishwa mpaka linaumiza macho, matarumbeta mbele juu ya pikapu, bibi harusi nyuma akijipepea kwa sababu kiyoyozi hakikuwahi kuwapo. Nairobi wamekwenda mbali zaidi. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 kuna shindano la kila mwaka la magari maridadi, Africa Concours d'Elegance, kwenye uwanja wa farasi wa Ngong, na waandaaji wake ni klabu ya wamiliki wa Alfa Romeo. Waamuzi huingia mpaka chini ya gari kutafuta uchafu, na tone la mafuta linakukata pointi. Ferrari ya Baillon ingeshika mkia pale.

Yale yaliyokosa harusi yalikwenda kwenye mizani. Kijana wa mkokoteni hapiti Kinondoni akiuliza gari limetengenezwa na nani. Anauliza limekufa? Analipima, analipa kwa kilo, na kesho limekuwa nondo. Agosti 2023 kampuni ya RM Sotheby's iliuza huko Monterey, California, kitu ambacho kijana huyo angekibeba kwa safari moja: Ferrari 500 Mondial ya 1954, gari la mbio, lililopata ajali na kuungua miaka ya 1960 na halijatengenezwa tangu hapo. Halikuwa na umbo. Ilikuwa rundo la alumini iliyokunjamana, magurudumu yametokeza humo kama mifupa. Liliuzwa dola 1,875,000.

Aliyelinunua hakununua alumini. Alinunua namba ya chesisi na karatasi zinazoonyesha namba hiyo ilipita kwa nani na nani, kwa sababu mafundi wapo, na bodi mpya itapigwa tena kwa nyundo, lakini namba haitengenezwi tena. Na palipo na namba yenye thamani kuliko gari, wezi hawako mbali. Ferrari 375 Plus, gari la mbio la 1954, iliibwa vipande vipande Ohio, Marekani, miaka ya 1980, ikajitokeza Ubelgiji, ikajengwa upya, na wenye mabaki wakaendelea kudai kwamba gari ni lao. Juni 2014 ilinadiwa Goodwood, Uingereza, kwa zaidi ya pauni milioni 10, baada ya pande zote kusemekana zimepatana. Kabla mwaka haujaisha zilikuwa mahakamani London.

Hilo halihitaji kufafanuliwa Kinondoni. Mnunuzi mwenye akili hatoi hata elfu kumi ya kishika uchumba kabla kadi haijakaguliwa TRA, jina la muuzaji likalingana na kitambulisho chake, na mkaguzi wa polisi akainama na tochi kusoma chesisi, akapitisha kidole juu ya tarakimu kuhisi kama kuna iliyosagwa. Gari likiwa na mkopo, litajulikana. Likiwa la marehemu, ataombwa hati ya usimamizi wa mirathi. Dalali atanuna kidogo, atasema wateja wengine wawili wako njiani na fedha taslimu, atapiga simu ya uongo mbele yako. Mwache amalize kupiga simu.